Mila za London na Vyanzo Vyake

Mila nyingi za sikukuu zinazoonekana katika mitaa ya London zina mwanzo unaojulikana. Moja ilianza kwa sheria ya Bunge, nyingine kwa wosia wa mwigizaji, nyingine kwa sababu vibarua maskini walikosa kazi kila msimu wa joto ulipoingia. Ile iliyo kubwa kuliko zote ilianza baada ya watu weusi kushambuliwa barabarani kwa sababu ya rangi yao. Hata hivyo, anayeuliza asili ya mila hizo huambiwa mara nyingi kwamba ni mabaki ya ibada za kabla ya Ukristo, yaliyopokezanwa kimyakimya na vizazi ambavyo vilikwisha sahau maana yake. Maelezo hayo yanavutia, na ndiyo sababu yamedumu. Lakini nayo yana umri wake, tena ni mdogo kuliko wa baadhi ya mila yanazodai kuzieleza.

Elimu ya mila na ngano ilipata jina na chama chake London. Mwaka 1846 William Thoms aliandika barua katika jarida la Athenaeum akipendekeza neno moja la kutaja kwa pamoja desturi, imani na hadithi za watu wa kawaida, na neno lake, folklore, likaenea duniani. Mwaka 1878 kikaundwa chama cha Folk-Lore Society. Miaka saba kabla yake Edward Tylor alikuwa amechapisha kitabu Primitive Culture, akifundisha kwamba jamii zote hupanda ngazi moja ya maendeleo, na kwamba michezo na desturi za wanavijiji ni mabaki ya vidato vya chini walivyokwisha vipita. Mwaka 1890 James Frazer akatoa The Golden Bough, kitabu kilichokua toleo baada ya toleo hadi kufikia juzuu 12, kikikusanya desturi za dunia nzima na kuzitia katika hadithi moja ya mungu wa mimea anayekufa na kufufuka.

Wasomi hao walifanya kazi kubwa ya kukusanya, na bila wao mengi yangepotea. Kasoro ilikuwa katika njia yao ya kueleza. Mwanakijiji wa Kiingereza aliyecheza ngoma ya masika hakuulizwa anacheza kwa nini, kwa kuwa ilishachukuliwa kwamba hajui. Waafrika na wakazi wa visiwa vya Pasifiki waliwekwa kwenye kidato cha chini kabisa, na desturi zao zikatumiwa kama dirisha la kuchungulia jinsi Waingereza walivyoishi zamani. Kwa njia hiyo mila ikavuliwa historia yake. Haikuwa tena kitu kilichoanzishwa mwaka fulani na watu fulani kwa haja fulani.

Madhara ya njia hiyo yanaonekana wazi katika kisa cha Jack-in-the-Green. Huyu ni mtu anayetembea ndani ya fremu ndefu ya mti iliyofunikwa majani na maua kutoka utosini hadi karibu na miguu, akizunguka na kucheza mitaani tarehe 1 Mei huku wenzake wakipiga ngoma na filimbi. Anayemwona kwa mara ya kwanza hupata shida kutoamini kwamba ni roho ya msitu. Mwaka 1939 Lady Raglan alichapisha makala katika jarida la Folklore akimuunganisha Jack na zile nyuso za mawe zenye majani mdomoni zilizochongwa katika makanisa ya zamani, akasema wote ni mungu mmoja wa kale. Wazo hilo likapokewa karibu bila kupingwa. Baada ya miaka arobaini, mtafiti Roy Judge alifuatilia kila kumbukumbu ya Jack aliyoweza kuipata katika magazeti, michoro na shajara, akachapisha matokeo yake mwaka 1979. Hakukuta msitu wala mungu. Alikuta London ya mwisho wa karne ya 18, na ndani yake wafagia dohani.

Kisa chenyewe kinaanza na wanawake wauza maziwa. Katika karne ya 17 walikuwa na desturi ya kucheza mbele ya nyumba za wateja wao siku ya kwanza ya Mei, wakiwa na mashada ya maua juu ya ndoo zao, na mteja akiwapa bakshishi. Samuel Pepys aliwaona tarehe 1 Mei 1667 akiwa njiani kwenda Westminster, wakicheza nyuma ya mpiga fidla, akaandika katika shajara yake. Mwaka hadi mwaka mashada yakakua. Yakaja kuwa minara ya vyombo vya fedha vya kuazima, iliyopambwa kwa utepe na maua na kubebwa kichwani, na baadaye mizito kiasi cha kuhitaji wapagazi. Makundi mengine ya wafanyakazi yakaiga, na lililofanikiwa zaidi likawa la wafagia dohani.

Hao walikuwa na sababu. Nyumba za London zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, na masizi yaliyoganda ndani ya dohani yalikwanguliwa na watoto wadogo waliopanda humo kwa magoti na viwiko, wengi wao yatima au watoto wa maskini waliotolewa kwa bwana mfagiaji kama wanagenzi. Mei ilipofika mioto ilizimwa na kazi ikakatika. Tarehe 1 Mei ikawa siku yao, pengine pekee kwa mwaka, ya kutoka na nyuso zilizopakwa unga na mavazi ya karatasi za kung'aa, kugonga makoleo na brashi zao, na kuomba. Jack wa majani alikuwa kivutio chao. Ukubwa wake ulisimamisha watu, na watu wakisimama huchanga. Sheria ya mwaka 1840 ilikataza watoto kupandishwa dohani lakini ikapuuzwa. Ile ya 1875 ndiyo iliyokomesha jambo hilo. Mila ikafifia pamoja na biashara iliyoizaa, isipokuwa katika sehemu chache kama Deptford, kusini-mashariki mwa London, ambako kundi la Fowler lilikuwa bado linatoka na Jack mwanzoni mwa karne ya 20. Picha zao za wakati huo zipo, na katika miaka ya 1980 wapenzi wa mila wa mtaa huo walizitumia kumfufua Jack wao. Anatoka hadi leo kila tarehe 1 Mei.

Tamko la kwamba Jack ni mungu wa msitu halimwongezei heshima yoyote. Linawaondoa watoto wa masizi katika hadithi ambayo ni yao.

Sikukuu ya Mei yenyewe ni ya zamani zaidi kuliko Jack, na kumbukumbu zake London si za furaha tupu. Mbele ya kanisa la Mtakatifu Andrea katika mtaa wa Leadenhall paliwahi kusimamishwa kila mwaka mlingoti wa Mei mrefu kuliko mnara wa kanisa, na ndiyo asili ya kanisa hilo kuitwa St Andrew Undershaft hadi leo. Mwaka 1517, baada ya mahubiri ya Pasaka yaliyowalaumu wageni kwa kuchukua kazi za wenyeji, vijana wanagenzi waliingia mitaani usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei na kuvamia nyumba na karakana za mafundi na wafanyabiashara wa kigeni. Viongozi kadhaa wa ghasia walinyongwa. Mamia wengine walisamehewa na Mfalme Henry VIII baada ya Malkia Catherine, aliyekuwa mgeni kutoka Hispania, kuwaombea. Tangu hapo mlingoti haukusimamishwa tena. Ulining'inizwa kwa ndoano juu ya milango ya nyumba kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 1549 mhubiri mmoja alipousema kuwa ni sanamu ya kuabudiwa, na wakazi wakaukata vipandevipande na kuuchoma.

Mengi ya hayo yanajulikana kwa sababu ya John Stow, fundi cherehani aliyezaliwa na kuishi London, ambaye mwaka 1598 alichapisha kitabu cha maelezo ya jiji lake mtaa kwa mtaa. Stow ni shahidi muhimu katika jambo jingine pia, nalo ni moto.

Kila tarehe 5 Novemba anga la London hujaa fataki, na katika viwanja huwashwa mioto mikubwa ambayo zamani ilichoma sanamu ya mtu aliyejazwa majani makavu na matambara. Mtu huyo ni Guy Fawkes. Mwaka 1605 kikundi cha Wakatoliki 13, kikiongozwa na Robert Catesby, kilipanga kulipua jengo la Bunge siku ambayo Mfalme James I angelifungua, kwa hasira ya dhuluma iliyowapata watu wa dini yao. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba, Fawkes alikamatwa katika chumba cha chini ya ukumbi wa Bunge akiwa na mapipa 36 ya baruti. Jioni ya siku hiyohiyo watu wa London waliwasha mioto barabarani kushukuru. Fawkes aliuawa hadharani tarehe 31 Januari 1606, na mwezi huohuo Bunge likajadili sheria ya kuifanya tarehe 5 Novemba siku ya shukrani kila mwaka, pamoja na ibada makanisani ambayo watu walilazimika kuihudhuria. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1859.

Ni vigumu kupata mila yenye cheti cha kuzaliwa kilicho wazi kuliko hiki. Hata hivyo wapo wasemao kwamba mioto ya Novemba ni mwendelezo wa Samhain, sikukuu ya Waselti ya kuanza majira ya baridi. Hapo ndipo Stow anapohitajika. Kitabu chake kilitoka miaka saba tu kabla ya njama ya baruti, na mioto ya mitaani anayoieleza ni ya Juni na Julai, usiku wa kuamkia sikukuu kama za Yohana Mbatizaji na Petro. Matajiri waliweka meza nje zenye mikate na vinywaji, wakawakaribisha majirani, na waliogombana wakapatanishwa. Wana-London walikuwa na mazoea ya moto wa shangwe, basi. Tarehe ya Novemba waliipata kwa Fawkes na kwa Bunge.

Maana ya moto huo haikubaki ileile. Katika miaka ya 1670, baada ya ndugu wa Mfalme Charles II, Duke wa York, kujulikana kuwa Mkatoliki, sanamu zilizochomwa zilikuwa za Papa. Kati ya 1679 na 1681 wanasiasa waliotaka kumnyima Duke huyo kiti cha ufalme waligharimia misafara mikubwa ya sanamu hizo tarehe 17 Novemba, siku ambayo Malkia Elizabeth I alirithi ufalme, na umati ukafuata hadi lango la Temple Bar. Mwaka 1850, Vatikani iliporudisha maaskofu wa Kikatoliki Uingereza, iliyochomwa ilikuwa sanamu ya Kadinali Wiseman. Kwa muda wa karne mbili na nusu, familia za Kikatoliki za London, zikiwemo za Waairishi waliokuja kutafuta kazi, ziliusikia usiku huo kwa namna tofauti na majirani zao. Baada ya sheria kufutwa, chuki ilipungua taratibu na watoto wakaimiliki sikukuu: walitengeneza sanamu ya Guy, wakaipitisha mitaani kwa kigari na kuomba senti za kununulia fataki. Siku hizi hata hilo limekuwa nadra, na fataki za tarehe 5 Novemba huungana na zile za Diwali zinazorushwa na wakazi wenye asili ya Kihindi, wengi wao kutoka familia zilizowahi kuishi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kwa kuwa sikukuu hizo mbili hukaribiana karibu kila mwaka.

Siku chache baadaye, Jumamosi ya pili ya Novemba, Meya mpya wa City, kile kitovu cha kale cha London chenye serikali yake, huandamana kwenda kula kiapo cha utii kwa taji. Asili yake ni hati ya Mfalme John ya mwaka 1215, iliyowaruhusu wananchi wa London kumchagua meya wao kila mwaka kwa sharti kwamba ajihudhurishe mbele ya mfalme au mahakimu wake kuapa. Safari hiyo ya kiserikali ilijipamba kidogo kidogo. Kwa karne nyingi ilipita mtoni Thames kwa majahazi yaliyochovywa dhahabu, desturi iliyokoma katika miaka ya 1850. Tarehe yake ilikuwa 29 Oktoba. Uingereza ilipoiacha kalenda ya Julius mwaka 1752 na kuruka siku 11, msafara ukahamia 9 Novemba, ukaja kuwekwa Jumamosi mwaka 1959.

Msafara huo huongozwa na majitu mawili, Gog na Magog, yanayosemwa kuwa walinzi wa London tangu kabla ya historia. Nasaba yao inaweza kufuatwa. Karibu mwaka 1136, kasisi Geoffrey wa Monmouth aliandika kwa Kilatini historia ya wafalme wa Uingereza iliyojaa ngano, akisimulia jinsi Brutus, mzao wa Watroya, alivyokifikia kisiwa kilichokaliwa na majitu, na jinsi mwenzake Corineus alivyopigana mieleka na jitu kubwa kuliko yote, Gogmagog, akalitupa baharini. Majitu ya kuigiza yalimpokea Henry V kwenye daraja la London mwaka 1415. Elizabeth I alipopita Temple Bar mwaka 1559, siku moja kabla ya kutawazwa, palisimama sanamu za Gogmagog na Corineus. Kisha jina la jitu likagawanywa mara mbili, Corineus akasahauliwa, na adui aliyetupwa baharini akageuka mlinzi. Sanamu zao za mbao zilizochongwa mwaka 1708 katika jumba la Guildhall ziliteketea kwa mabomu ya Wajerumani Desemba 1940, na nyingine za David Evans zikawekwa mwaka 1953. Wale wa msafarani siku hizi ni wa fito zilizosukwa, kazi ya chama cha wasusi wa vikapu.

Ngano nyingine za jiji ni changa kuliko zinavyodai. Wageni wa Mnara wa London huambiwa kwamba kunguru wakubwa wanaofugwa humo wakiondoka ufalme utaanguka, na kwamba Mfalme Charles II alionywa hivyo katika karne ya 17. Watafiti walipozikagua kumbukumbu za Mnara, hawakupata kunguru wa kufugwa kabla ya karne ya 19, na utabiri wa kuanguka kwa ufalme ulianza kuandikwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, jiji lilipokuwa likipigwa kutoka angani. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leo kunguru hao wana mtunzaji rasmi na hawaruhusiwi kupungua chini ya sita.

Krismasi ya London ina mchanganyiko wa namna hiyo. Bunge la Wapuritani liliipiga marufuku mwaka 1647, na waliorudisha sikukuu baadaye walirudisha vyakula na nyimbo zaidi kuliko mambo ambayo leo huonekana ndiyo Krismasi yenyewe. Kadi ya kwanza ya kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, mtumishi wa serikali. Bomba la karatasi linalopasuka kwa kishindo mezani lilibuniwa na Tom Smith, mtengenezaji wa peremende, katika miaka ya 1840. Mti uliopambwa ulikuja na wafalme wenye asili ya Ujerumani, na mchoro wa familia ya Malkia Victoria katika Illustrated London News mwaka 1848 ukauingiza katika nyumba za watu wa tabaka la kati. Mti mkubwa wa Trafalgar Square huletwa kutoka Oslo kila mwaka tangu 1947, shukrani ya Norwe kwa msaada wa wakati wa vita. Na katika ukumbi wa maigizo wa Drury Lane waigizaji hukata keki kila tarehe 6 Januari, kwa sababu Robert Baddeley, aliyekuwa mpishi kabla ya kuwa mwigizaji, alifariki mwaka 1794 na kuacha pauni 100 ziwekezwe ili faida yake inunue keki na kinywaji kwa wachezaji wa ukumbi huo milele. Wosia unatekelezwa tangu 1795.

Haya yote hayana maana kwamba hakuna mila ya kale kweli. Tofauti iko katika ushahidi. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa kila Julai kwa kupigana kwa vigomba, kuchoma kibanda na kula pamoja, na dai kwamba asili yake inafika Uajemi lina mhimili imara: kalenda yenyewe. Mwaka wa kalenda hiyo, uitwao Nairuzi, una siku 365 na uligawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ambayo mabaharia na wakulima wa pwani waliitumia kujua pepo na mvua. Hesabu ya namna hiyo haibuniwi kijijini kwa bahati; ilisafiri na watu kupitia Bahari ya Hindi. Mavazi, nyimbo na mapambano vina historia yake tofauti, na havipati ukale kwa sababu tu vimefungwa kwenye kalenda ya kale.

Pwani hiyohiyo ilitoa somo lingine lililofika London. Katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vijana walianzisha ngoma ya beni wakiiga bendi za tarumbeta za kijeshi, pamoja na sare na vyeo vyake. Mombasa ilikuwa na vikundi vya Kingi na Skochi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Marini na Arinoti zilienea hadi Bara. Sura ilikuwa mpya kabisa, lakini mashindano ya mtaa na mtaa kwa ngoma na karamu yalikuwepo kabla ya tarumbeta. Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Miaka minane baadaye yeye na Eric Hobsbawm wa Chuo cha Birkbeck, London, walihariri The Invention of Tradition, kitabu kilichoonyesha ni fahari ngapi za Uingereza na za makoloni yake zilizobuniwa katika karne ya 19 na kuvishwa ukale. Aliyezoea kuona Marini na Arinoti wakibuni ngoma yao alikuwa amejiandaa vizuri kuutazama msafara wa kifalme wa Waingereza.

Mila kubwa kuliko zote za London leo ina chimbuko Trinidad. Walowezi wa Kifaransa walileta huko karnivali yao ya kabla ya Kwaresima mwishoni mwa karne ya 18, sherehe ya mabwana. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, na miaka minne ya kazi za kulazimishwa iliyofuata ilipokwisha, waliokuwa watumwa waliichukua na kuigeuza. Wakaingiza maandamano ya mienge yaliyokumbusha mashamba ya miwa yalipowaka moto na watumwa wakaswagwa usiku kwenda kuzima. Mwaka 1881 polisi walijaribu kuwazuia, wakapigana nao mitaani Port of Spain. Muda mfupi baadaye ngoma zikakatazwa. Wapigaji wakageukia vipande vya mianzi, kisha makopo na vyuma chakavu, hadi katika miaka ya 1930 na 1940 wakagundua kwamba pipa la mafuta likipondwa kwa ustadi hutoa noti kamili za muziki, na ala hiyo ikaitwa pani. Bendi ya pani kutoka Trinidad ilipiga London mwaka 1951, katika tamasha la taifa lililofanyika kando ya Thames.

Wahamiaji wa Karibi waliofika London baada ya vita walipanga vyumba Notting Hill, mtaa uliochakaa wakati huo, kwa wenye nyumba waliowatoza kodi kubwa. Mwishoni mwa Agosti 1958 makundi ya vijana wa Kizungu yaliwavamia kwa siku kadhaa. Claudia Jones, mzaliwa wa Port of Spain aliyefukuzwa Marekani mwaka 1955 kwa ukomunisti wake, alikuwa mhariri wa gazeti la West Indian Gazette huko Brixton. Jibu lake lilikuwa karnivali. Tarehe 30 Januari 1959 ilifanyika ndani ya ukumbi wa manispaa ya St Pancras, kwa kuwa msimu wa karnivali ya Trinidad ni baridi kali London, na BBC ikairusha kwenye televisheni. Sehemu ya mapato ilitengwa kuwalipia faini vijana waliokamatwa katika ghasia. Mei ya mwaka huo Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, aliuawa kwa kuchomwa kisu mtaani Notting Hill, na karnivali ya ukumbini ikaendelea kila mwaka hadi Jones alipofariki Desemba 1964.

Mwaka 1966 Rhaune Laslett, mfanyakazi wa jamii aliyezaliwa mashariki ya London, aliandaa tamasha la watoto wa Notting Hill wa kila asili. Alimwalika Russell Henderson, mpiga pani kutoka Trinidad, na wenzake wawili. Watoto walipoanza kuchoka, Henderson na wenzake walinyanyua pani zao zilizofungwa mikanda shingoni, wakatoka kuzunguka mitaa. Watu wa Karibi waliosikia mlio huo walitoka majumbani, wakaufuata nyuma kama walivyozoea kwao. Hakuna aliyekuwa amepanga msafara. Njia ilichaguliwa na wapigaji wakiwa wanatembea.

Kati ya 1973 na 1975 Leslie Palmer, mwalimu kijana kutoka Trinidad, aliipa karnivali iliyokua kutokana na msafara huo sura inayojulikana leo: akahimiza vikundi vya mavazi na pani, na akawaalika wenye mitambo mikubwa ya muziki wa rege kutoka jamii ya Kijamaika wasimamishe vipaza sauti vyao pembeni mwa barabara. Hilo lilikuwa jambo lisilokuwemo Trinidad, nalo liliwaleta vijana waliozaliwa London kwa maelfu. Mwaka 1976 polisi walijaza mitaa na siku ikaishia katika mapambano makali, na kwa miaka mingi baadaye magazeti yaliitazama karnivali kwa jicho la uhalifu tu. Iliendelea kukua. Sasa hufanyika Jumapili na Jumatatu ya mwisho wa Agosti, na wahudhuriaji hukadiriwa kuwa kiasi cha milioni 1. Bendi za pani hushindana Jumamosi jioni, na alfajiri ya Jumapili huanza kwa kupakana rangi na chokoleti. Baada ya moto wa jengo la Grenfell uliowaua watu 72 katika mtaa wa jirani Juni 2017, kusimamisha muziki kwa muda kila siku saa 9 mchana kumekuwa sehemu ya ratiba.

Kuhusu mwanzilishi, wakazi wa mtaa wamebishana kwa muda mrefu. Wengine humtaja Jones, aliyeanzisha karnivali lakini hakuwahi kuiona barabarani. Wengine Laslett, ambaye tamasha lake halikukusudiwa kuwa la Kikaribi. Na wapo wasemao ni Henderson, kwa sababu ndiye aliyetoka na pani. Kila mmoja ana hoja yenye tarehe na mashahidi. Vibao vya bluu vya kumbukumbu vimewekwa Portobello Road, kimoja cha Claudia Jones na kingine cha Rhaune Laslett.